uv kwa kufungasha projekti za Python: nimeikubali, ila kuna mahali inakera

Karibu kila anayeisifia uv, chombo cha kuinstoli pakeji na kusimamia projekti za Python, anaanza na spidi, na kweli iko fasta, imeandikwa kwa Rust na ukiipa orodha ya pakeji (kodi zilizofungashwa tayari kuinstoliwa) inazivuta zote kwa mpigo mpaka unarudi kuangalia kama kweli imefanya kazi, lakini mi spidi ningeiweka namba tatu huko. Kilichonifanya niing'ang'anie ni kwamba inakusukuma uinstoli projekti yako mwenyewe kabla hujaanza kuiimpoti, na hapo ndo penye mzizi wa shida nyingi ambazo watu wa Python wanahangaika nazo miaka nenda rudi wakidhani ni shida tofauti tofauti.

Ngoja nitoe mfano maana bila mfano haya mambo yanabaki hewani. Ofisini tuna moduli ndogo inaitwa namba_simu. Unaipa namba ya simu vile vile mteja alivyoiandika, inakurudishia namba safi ya kimataifa. Kuna anayeanza na 07, kuna anayeweka +255, kuna wa 00255, kuna wa kuweka nafasi na vistari katikati, na zile zilizopitia Excel ndo usiseme, sifuri ya mbele imeliwa zimebaki tarakimu tisa tu. Pembeni yake kuna faili inaitwa nchi.json yenye kodi za nchi na urefu wa namba za kila nchi, 255 Tanzania, 254 Kenya, 256 Uganda, 250 Rwanda, 257 Burundi, 243 Kongo ya Kinshasa. Kitu kidogo kabisa. Shida ni kwamba kidogo hichohicho kinatakiwa na skripti ya kutuma SMS, kinatakiwa na ripoti ya mwisho wa mwezi, kinatakiwa na API iliyoko kwenye seva, na kila mmoja wao anakaa folda yake.

Hapo ndo ModuleNotFoundError, kosa la Python kutoiona moduli, inapoingia. Na wala sio uchawi, ukiandika python zana/tuma.py Python inachukua folda ambayo ile skripti imo, yaani zana, inaiweka mwanzoni mwa sys.path (orodha ya folda ambazo Python inatafutia moduli), haijali wewe umesimama wapi kwenye terminali, kwahiyo namba_simu iliyoko folda ya juu haionekani. Ukiandika python -m zana.tuma ukiwa umesimama kwenye mzizi wa projekti inakubali, kwasababu safari hii inayoingia ni folda uliyosimama. Kodi ileile, laptopu ileile, leo inaenda kesho inagoma, na mtu anaanza kuapa kwamba jana ilikuwa inafanya kazi, na hadanganyi.

Dawa za kienyeji mnazijua. Kuna sys.path.append("..") ambayo hizo nukta mbili zinahesabiwa kutoka uliposimama sio kutoka faili ilipo, kwahiyo umehamisha tu tatizo. Kuna PYTHONPATH, folda za ziada za kutafutia, kwenye .bashrc, faili ya mipangilio ya terminali yako, inakwenda vizuri mpaka siku kazi inawekwa kwenye cron inayoendesha kazi kwa ratiba, na cron haisomi .bashrc yako. Alafu kuna ile ya kukopi faili kila folda, hii ndo mbaya kuliko zote, maana baada ya muda una nakala za kutosha, moja imerekebishwa namba za Burundi nyingine hazijarekebishwa, na hakuna anayejua ipi ndo ya ukweli.

Dawa yenyewe iko siku zote: moduli iwe pakeji, iinstoli ndani ya mazingira unayotumia, yaani folda yenye Python na pakeji za projekti hiyo, basi. Ikishaingia site-packages, folda ya pakeji zilizoinstoliwa, inakaa pamoja na requests na pandas na unaiimpoti ukiwa popote. Sasa kwanini watu walikuwa hawafanyi? Kwasababu kufungasha Python kulikuwa na historia ndefu ya kuchosha. Kulikuwa na distutils ndani ya Python yenyewe, 2004 ikaja setuptools juu yake, 2008 ikaja pip ya kuinstoli pakeji, kila moja na tabia zake, na wewe unaandika setup.py, unaandika MANIFEST.in, unaandika setup.cfg, unaandika requirements.txt, na hakuna faili hata moja kati ya hizo inayokwambia ukweli wote. pyproject.toml ilipendekezwa 2016 kwenye PEP 518 (PEP ni pendekezo rasmi la Python), ikasubiri mpaka 2020 na PEP 621 ndo tukakubaliana jina la projekti na toleo vinaandikwaje humo ndani. distutils yenyewe imetolewa kabisa kwenye Python 3.12 mwaka 2023. Ila ukitafuta mtandaoni leo bado unakuta mafunzo yanakwambia andika python setup.py install, na mwanafunzi anayafuata neno kwa neno, alafu anaambiwa yeye ndo hajui.

Basi uv ikatoka Februari 2024, wenyewe ni Astral, walewale wa Ruff, zana ya kukagua kodi ya Python. Mwanzo ilikuwa ni pip yenye mbio tu, Agosti mwaka huohuo ndo wakaongeza mambo ya kusimamia projekti nzima. Kuiinstoli ni mstari mmoja, Linux na Mac kuna skripti ya kuvuta kwa curl, Windows unaweza kutumia winget, alafu funga terminali ufungue upya la sivyo itakwambia haijulikani.

Kuanzisha pakeji unaandika hivi:

uv init --lib namba-simu

Inakutengenezea pyproject.toml, README.md na folda src/namba_simu yenye __init__.py ndani yake. Angalieni hicho kistari: jina la projekti lina kistari cha katikati, folda ya kuimpoti ina kistari cha chini. uv inabadilisha yenyewe, na nimependa inavyofanya kimyakimya bila kukuuliza, maana Python haiwezi kuimpoti jina lenye kistari cha katikati, inaona ni kutoa. Na kwa ujumla jina la kuinstoli na jina la kuimpoti havina mkataba wowote, unainstoli Pillow unaimpoti PIL, unainstoli opencv-python unaimpoti cv2, unainstoli PyYAML unaimpoti yaml. Kwa pakeji yako ya ofisini usijitie kwenye huo mkanganyiko, acha yafanane.

Sasa kero ya kwanza, na kwangu ndo kubwa kuliko zote. Ukiandika uv init peke yake, bila --lib wala --package, hupati pakeji. Unapata main.py na pyproject.toml ambayo haina sehemu ya build-system, ile inayosema pakeji ijengwe na injini gani, na uv ikiona hakuna build-system inainstoli vitegemezi tu, yaani pakeji nyingine ambazo projekti inazihitaji, projekti yako yenyewe inairuka. Kwahiyo mtu mgeni kasikia uv inamaliza matatizo ya kuimpoti, kaandika uv init, kaongeza folda yake, kaandika uv sync (amri ya kuandaa mazingira ya projekti), kila kitu kijani, akijaribu kuimpoti akiwa folda nyingine: ModuleNotFoundError ileile. Hakuna onyo. Naelewa wazo lao, kwamba mtu wa skripti ya siku moja hahitaji mambo ya pakeji, lakini kiukweli hii ndo sehemu ambayo chombo kizuri kinamwacha mtu mlangoni. Kama umeshaangukia humo, huhitaji kuanza upya, ongeza build-system kwenye pyproject.toml, panga folda chini ya src, uv sync tena.

Ukiwa umeanza na --lib mambo yanakuwa matamu. uv sync inatengeneza .venv, folda ya mazingira ya projekti, inaweka vitegemezi, alafu inainstoli namba_simu yako kwa namna ya kuharirika, maana yake haikopi kodi yako, inaweka faili ndogo yenye mwisho wa .pth ndani ya site-packages na ndani ya hiyo faili kuna njia ya kwenda folda yako ya src. Nendeni mkaifungue kwa macho yenu, kuna watu wamefanya Python muda mrefu na hawajawahi kuiona. Python ikiwaka inasoma hizo .pth, inaongeza njia kwenye sys.path, na kuanzia hapo ukirekebisha kodi mabadiliko yanaonekana papo hapo bila kuinstoli tena. Kitu ambacho ulikuwa unakihangaikia na sys.path.append kinafanywa na mstari mmoja wa maandishi uliowekwa mahali pake. Na pip install -e . inafanya hivyohivyo, sitaki mtu aje aseme nawaficha, tofauti ni kwamba pip inasubiri uikumbuke na uv inafanya bila kuombwa.

Kuhusu src, kuna watu wanaona ni folda ya ziada ya bure. Faida yake ni kwamba ukisimama kwenye mzizi wa projekti Python haiwezi kuiona namba_simu kwa bahati, lazima iwe imeinstoliwa. Bila src vipimo vyako vinaweza kupita kwasababu tu umesimama mahali pazuri, alafu pakeji yenyewe ikifika kwa mwenzako kumbe nusu ya faili hazimo.

Na hapo ndo inakuja nchi.json. Mwanzo kodi ilikuwa open("nchi.json"), ambayo inatafuta faili hapo uliposimama, kwahiyo ikienda kwenye seva inaanguka. Namna inayofaa ni hii:

from importlib.resources import files
data = files("namba_simu").joinpath("nchi.json").read_text(encoding="utf-8")

Haijali umesimama wapi, inaulizia ndani ya pakeji yenyewe. Ila lazima faili iwemo ndani ya pakeji, na hapa uv_build, ile injini yao ya kujengea, nimeipa alama zote: kila kilichomo kwenye folda ya moduli kinaingia kwenye wheel, faili moja ya pakeji iliyo tayari kuinstoliwa, iwe .py iwe .json. Kwa setuptools ilikuwa uitaje kwenye package-data au uichezee MANIFEST.in, na ukisahau hakuna anayekwambia, unajua tu siku mteja anapiga simu.

Kujenga ni uv build. Kwenye folda dist zinatoka faili mbili, ya .tar.gz ambayo ni kodi ghafi, na ya .whl ambayo ndo wheel. Kitu kizuri ni kwamba inatengeneza kwanza ile ghafi, alafu wheel inaijenga kutoka kwenye hiyo ghafi, sio kutoka folda yako, kwahiyo kama kuna faili imesahaulika kwenye ghafi utajua hapohapo. Na wheel ni zip tu jamani, haina siri yoyote, andika unzip -l dist/namba_simu-0.1.0-py3-none-any.whl utaona __init__.py, utaona nchi.json, utaona folda ya dist-info yenye METADATA na RECORD. Mi sitoi pakeji bila kuangalia humo, ni sekunde chache na inaokoa aibu nyingi.

Hilo jina refu la wheel nalo usilichezee, kila kipande kinasomwa: jina, toleo, py3 maana yake Python 3 yoyote, none na any maana yake haina kodi ya C na inaenda kwenye mfumo wowote. Nasema hivi kwasababu kwetu wheel zinatembea kwa WhatsApp, mtu anatumiwa kwenye grupu, anaidanlodi mara ya pili kwasababu ya kwanza haioni, brauza inamwekea (1) mwishoni mwa jina, akiinstoli anaambiwa jina la wheel sio sahihi. Faili ni nzima kabisa, irudishie jina lake tu.

Kabla hujamtumia mtu, ijaribu nje ya projekti yako, uv ina njia safi ya kufanya hivyo bila kutengeneza mazingira kwa mkono:

uv run --isolated --no-project --with dist/namba_simu-0.1.0-py3-none-any.whl python -c "import namba_simu"

Ikinyamaza, imekubali.

Kero ya pili inakuja hapo kwenye kumtumia mtu. uv init inaandika requires-python kulingana na Python iliyoikuta kwako. Kama una 3.13 itaandika >=3.13, hata kama kodi yako haina chochote cha 3.13. Alafu seva yako ni Ubuntu 22.04 yenye Python 3.10, pip inakataa inasema pakeji inataka Python nyingine. Watu wanaenda kuapgredi seva nzima kwa ajili ya mstari mmoja! Fungua pyproject.toml, ishushe hadi toleo dogo kabisa ambalo umelijaribu kweli, na neno la kuzingatia ni umelijaribu, uv run --python 3.10 ipo kwa kazi hiyo. Au anza kabisa na uv init --lib --python 3.10.

Hiyo ya --python inatupeleka kwenye bando. Ukiitaja Python ambayo huna, uv inaidanlodi yenyewe, na hiyo ni makumi ya MB. Kwa mwenye fiba ni raha tupu, kwa anayetumia hotspoti ya simu ni vizuri ajue mapema. Weka UV_PYTHON_DOWNLOADS=never kwenye mazingira yako, itatumia zilizopo na ikikosa itakwambia imekosa. Upande mwingine lakini inaokoa bando na nafasi pia, maana pakeji ikishadanlodiwa inakaa kwenye kache moja, na projekti ya pili ikitaka pandas ileile inaunganishwa tu na ile ya kwenye kache, haikopiwi upya kwenye kila .venv. pip nayo ina kache msije mkanishambulia, ila pip inakopi kila mara na diski inajaa. Kwa wale wa Windows ambao kache iko C na kazi ziko D, huo muunganiko haufanyi kazi kati ya drevu mbili, uv itakupa onyo kwamba imeshindwa na inakopi, kazi inaendelea ila faida ya nafasi imepotea. Ielekeze UV_CACHE_DIR kwenye D, onyo linakwisha.

Sehemu ambayo watu hawaiongelei na ndo imewafurahisha wasio wa kodi ofisini ni hii. Kwenye pyproject.toml unaongeza:

[project.scripts]
safisha-namba = "namba_simu.cli:main"

alafu kwenye kompyuta ya dada wa uhasibu unaandika uv tool install na njia ya ile wheel, na kuanzia hapo yeye anaandika safisha-namba wateja.csv, basi, hajui kuna Python, hajui kuna mazingira, na hana haja ya kujua. uv inaiwekea pakeji mazingira yake ya peke yake pembeni. Kwa Ubuntu mpya na Debian 12 hii ni msaada mkubwa, kwasababu kule pip install ya moja kwa moja inakataliwa na ujumbe wa externally-managed-environment, na ushauri wa mtandaoni ni kuweka --break-system-packages, ambayo jina lake lenyewe linakwambia unachokwenda kuvunja.

Kutumia namba_simu kwenye projekti nyingine pia ni rahisi, unaandika uv add --editable ../namba-simu au unaipa njia ya git. Ila hapa nataka watu wasome taratibu maana ni jambo la usalama. uv inaandika mambo mawili: kwenye dependencies inaandika jina tu, namba-simu, na kwenye tool.uv.sources inaandika kwamba jina hilo liko kwenye folda fulani au git fulani. Hiyo sehemu ya pili inasomwa na uv peke yake. Ukijenga wheel ya ile projekti ya pili, ndani ya METADATA kunabaki jina tupu. Mwenzako akiinstoli kwa pip, pip itaenda kulitafuta jina hilo PyPI, hifadhi ya wazi ya pakeji za Python mtandaoni. Likikosekana itagoma, hiyo ndo salama. Likipatikana, yaani mtu yeyote duniani kalisajili, itainstoli kodi ya huyo mtu. PyPI majina ni ya anayewahi. Kwahiyo kama pakeji yako ya ndani inategemea pakeji nyingine ya ndani, hakikisheni kila anayeinstoli anatumia uv na projekti yenyewe, au anapewa wheel zote mbili pamoja, au mna indeksi yenu, yaani hifadhi yenu wenyewe ya pakeji. Hii sio kosa la uv kwa kweli, imeandikwa kwenye maelezo yao, lakini urahisi wa uv add unakufanya usahau kabisa.

Vitu vidogo vingine. Mazingira yanayotengenezwa na uv hayana pip ndani, kwahiyo ukizoea python -m pip utajibiwa hakuna moduli inayoitwa pip, na baadhi ya vihariri vya kodi vinachanganyikiwa na hilo. Ukiihitaji kuna uv venv --seed. Ujumbe wa makosa ya matoleo yanayogongana ni mzuri sana, unakusimulia kwa sentensi kwamba kwasababu hiki kinataka kile na kile kinakataa hiki basi haiwezekani, ni mrefu lakini ukisoma mpaka mwisho unaelewa nani mkorofi. uv.lock, faili yenye matoleo kamili ya kila kitegemezi, weka kwenye git kwa ajili ya timu yenu, ila usidhani inasafiri na wheel, anayeinstoli wheel anasoma dependencies tu.

Kupeleka PyPI sitasema sana kwasababu namba_simu haina kazi huko. uv publish ipo na inafanya kazi na tokeni, akaunti ya PyPI tangu Januari 2024 lazima iwe na uthibitisho wa hatua mbili, na jina la faili ukishalipandisha halirudiwi hata ukilifuta, ukikosea 0.1.0 panda 0.1.1. Jaribuni kwanza TestPyPI, ile PyPI ya majaribio, ni akaunti tofauti.

Wengine nao? Poetry ilikuwa mkombozi wa wengi tangu 2018 na bado inafanya kazi, ila ilikaa na meza zake zenyewe za tool.poetry mpaka toleo la 2.0 Januari 2025 ndo ikakubali project ya kawaida, na ile tabia yake ya kuweka kikomo cha juu kwenye vitegemezi inaleta ugomvi ukiwa unatengeneza laibrari ya wengine. Hatch ni nzuri na haina makelele. setuptools bado haijafa hata kidogo, na kama pakeji yako ina kodi ya C huna ujanja, uv_build ni ya Python tupu, itabidi injini iwe setuptools au scikit-build-core, na kwa Rust maturin. uv yenyewe inakubali kuendesha injini hizo zote, uv build haijali.

Nyota nne kati ya tano. Ningetoa tano kama uv init ingeuliza swali moja tu mwanzoni, unataka kuiimpoti hii au hapana.

Kuna swali linarudi kila nikiipendekeza kwa watu: Astral ni kampuni, siku wakibadilisha mawazo itakuwaje? Kodi iko wazi kwa leseni za MIT na Apache 2.0, hilo la kwanza. La pili ni kwamba kilichomo kwenye pyproject.toml yako karibu chote ni cha viwango vya Python. Ukitaka kuhama futa mistari ya uv_build kwenye build-system, weka hatchling, injini ya Hatch, kwenye requires na hatchling.build kwenye build-backend, na kama una tool.uv.sources hiyo utaipanga upya kwa mkono, alafu pip install build, python -m build, wheel inatoka. Nimeifanya kwa namba_simu na src haikuguswa hata faili moja.